Wino Mweusi, Jaza Duara Lote

Kitabu cha kura kimeletwa na posta, kizito kama tofali,
kurasa mia na arobaini, na miwani yangu ina ufa.
Nimesogeza bakuli la uji wa shayiri
nikaanza na Hoja ya Kwanza, ya jimbo zima:
Kura ya Ndiyo itaifuta sheria
iliyozikataza wilaya kukataza mitego.
Nimesoma mara tatu. Ya nne nimesoma kwa sauti.
Paka ameondoka.

Nyuma ya bili ya umeme nikachora mishale:
ukikataa kukatazwa kukataza,
umekubali nini?
Nikampigia dada yangu Arvilla, kule Pendleton.
"Tazama nani analipia matangazo," akasema, "halafu fanya kinyume."
Nimetazama. Pande zote mbili zinalipiwa na watu wasionijua,
na wote wamejiita Majirani.
Majirani!
Jirani yangu mimi ni Thaddeus Munk,
na Thaddeus hajaniletea karatasi ya kung'aa hata siku moja.
Huleta nyanya, na matusi mazito kuhusu kodi.

Hoja ya Pili ni mkopo wa mifereji, dola milioni hamsini.
Sijui milioni hamsini inafananaje.
Najua mfereji wa kaskazini unavuja pale daraja la Kiser,
na malisho ya upande ule hukauka kabla Juni haijaisha.
Ndiyo. Nimejaza upesi, nafsi isije ikanijibu.

Ya tatu inahusu namna ya kuteua bodi
itakayoikagua bodi inayokagua.
Nimeiacha tupu. Si uvivu.
Asiyejua maana haambiwi maana,
na leo nimejiambia.

Ukurasa wa mwisho ni wa wilaya yetu, mistari sita, herufi za sisimizi:
gari la wagonjwa, letu wenyewe,
senti arobaini na tatu kwa kila dola elfu ya thamani ya nyumba.
Yangu wanasema ni laki na tisini elfu
(hawajaliona paa).
Nimepiga hesabu: dola themanini na moja, senti sabini, kila mwaka.
Hizo ni dawa zangu za mwezi,
au matairi mawili yaliyokwisha kutumika.

Thaddeus amesimika bango uani kwake: HAPANA. KODI ZIMETOSHA.
Namwelewa. Ana ng'ombe kumi na wawili
na deni la kumi na watatu.
Lakini Februari ile, nilipoanguka hapa hapa jikoni,
mkono wa kulia umelala kama glavu iliyodondoka,
dakika hamsini na tano tukisubiri king'ora cha wilaya ya watu,
aliyekaa nami sakafuni alikuwa yeye,
akinisomea maandishi ya kopo la maharage, chumvi, sukari, uzito halisi,
ili nisilale.

Sijamuuliza kuhusu bango.
Kuna maswali ambayo ukishamuuliza jirani
nyanya zake hazitalika tena.

Nimejaza Ndiyo. Duara limetoka kama yai lililopasuka,
maana mkono haujarudi wote.

Halafu bahasha. Tia saini, inasema,
ilingane na ile tuliyo nayo.
Waliyo nayo ni ya mwaka tisini na nane: Leland R. Skoog,
mkia wa g umejikunja kama ndoano.
Nimefanya mazoezi juu ya mishale ya bili,
Leland, Leland, Lelnd.
Karani ataiweka chini ya taa
aulize kama mimi ni mimi.
Swali hilo, angalau, limeandikwa wazi.

Nje honi imelia. Siruhusiwi kuendesha siku hizi,
kwa hiyo Thaddeus ananipeleka hadi sanduku lililo mbele ya maktaba,
bahasha yake juu ya dashibodi, yangu pajani,
zote zimefungwa kwa mate.
Bango lake linapita dirishani.
"Theluji," anasema, akitazama milima.
"Bado," nasema.