Marejesho ya Masurufu

Dada Eliwaza, salamu.
Fomu yako niliikunja mara nne,
ikalowa jasho mfukoni, wino ukahama safu;
basi pokea hesabu hii kama ilivyo.

Jumatatu. Nauli ya basi: risiti ipo.
Bodaboda kutoka stendi ya Kange: risiti haipo.
Kijana alicheka nilipoitaja,
akauliza kama kwetu hata upepo una stakabadhi.

Kazi ilikuwa Pongwe, ghala la mkonge, mizani tano.
Ya kwanza ilikuwa inaiba, gramu mia sita kila robota,
si kwa ubaya, kwa uzee tu, springi imechoka.
Nilipoiponya nikaipanda mwenyewe:
kilo sabini na moja.
Shemweta, mtunza ghala, akaandika kwa chaki ukutani.
Mchana chuma kinavimba kwa joto, hakipimiki,
kwa hiyo asubuhi zilikuwa zako
na jioni, nisamehe, zikawa zangu.

Chumbageni, meza ya plastiki, mguu mmoja mfupi.
Kibibi, mhudumu, akauliza: ya moto au ya baridi?
Unajua kwetu Makambako bia hunywewa ya moto,
friji ni pambo la kaunta.
Ulimi ukasema moto, kwa mazoea.
Shati lililoganda mgongoni likakataa.
Ikaja ya baridi, inafuka shingoni,
na nilipoimeza nikaisikia ikishuka
ngazi kwa ngazi, inawasha taa.
Shemweta na soda yake ya tangawizi,
kati yetu bakuli la supu ya pweza,
mkono mmoja bado una vikombe vyake,
ukaning'ang'ania mdomo kama mdai.
Bia tatu. Ya tatu nililipa mwenyewe, usiitafute.

Jumanne, kabla ya jua,
baiskeli ya shemeji yake Shemweta: breki moja, kengele mbili.
Tukapita barabara za namba kama wanaosoma jedwali,
ya Saba, ya Nane, ya Tisa,
mpaka ya Kumi na Tano, kwa Bi Mwajabu,
mahamri yamefura, mbaazi zinatokota na tui.
Nikamtania kifundi: kijiko hiki gramu ngapi, mama?
Hakuinua kichwa.

*Mbaazi zangu za nazi, kijiko hakidanganyi,*
*mizani yako ya kazi, utamu haikusanyi.*

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza.
Nane, nane. Nane, nane.
Miaka kumi na tisa natembea na mawe ya kupimia
na sijakuta mizani iliyosimama sawa namna ile.
Shilingi elfu moja na mia tano. Risiti haipo.
Nilirudi Jumatano. Nilirudi na Alhamisi.

Vya kutazama havikulipiwa:
Bombo, hospitali ya kale ya Wajerumani,
mti umetoa kichwa dirishani
kama mgonjwa anayengoja wa kumtembelea.
Raskazone nikaoga na kaptula ya kazi,
nikameza chumvi, bure.
Ule usemi wao, waja leo waondoka leo,
niliuuliza kwa watu watano, nikapata maana sita.
Fomu yangu ilisema Alhamisi.

Alhamisi nikapanda tena mizani ile ya kwanza.
Sabini na tatu.
Shemweta akaandika chini ya ile ya mwanzo, akapiga mstari,
kama mwalimu wa hesabu, kimya.
Nimeitengeneza kwa mkono wangu, Eliwaza,
siwezi kuisingizia.
Fedha zimekwisha. Salio ni kilo mbili.
Niambie niziandike safu ipi.

Na hayo machungwa ya Muheza juu ya faili lako
ni matano.
Yalikuwa sita.