Ubao wa Vipande

Mimi ndiye niliyeshika chaki.
Nianze hapo, maana wenzangu huanza na ukungu wa Newala
unaoingia kiwandani alfajiri
hata usijue upi ni mvuke na ipi ni asubuhi.
Nilikuwa karani wa mizani. Kila jioni
niliandika ubaoni kwa herufi kubwa
nani kavunja korosho, kilo ngapi,
na mstari mwekundu chini ya jina la juu kabisa.
Tajiri alisema: aibu ni mbolea.

Mbolea gani hiyo.
Tulivuna ukimya.
Somoe Chitanda alifunga vipande kwenye pindo la kanga
akavimwaga chooni.
Nambunga alivitafuna vikavu, na utando wake,
mpaka midomo ikamchubuka.
Binti Mnali alivisogeza kwenye ungo wa mgeni
aliyeanza kazi Jumatatu, hajui hesabu zetu.
Na daftari langu lilikuwa safi,
safi kama sahani za nyumba yenye njaa.

Akaja msimamizi mpya, Bi Eshe Likanga, mtu wa Kitangari.
Hakuhutubia. Aliomba majivu, akajipaka viganja,
akaketi benchi la tatu, lile lenye mguu mbovu,
akabangua tangu saa moja hadi adhana ya adhuhuri.
Tukamtazama kwa pembe ya jicho. Alivunja.
Alivunja kuliko mwanafunzi.
Akabeba ungo wake hadi kwangu: Pima.
Nikapima.
Andika.
Bi Eshe, wewe ni msimamizi.
Andika, Chilumba. Na ule mstari wako usiusahau.

Nimeandika mengi, stakabadhi za ghala, barua za posa za watu,
sijapata kushika chaki nzito namna ile.

Somoe ndiye aliyecheka kwanza.
Kisha akafungua pindo, akamwaga mezani:
Hizi zangu. Za leo tu.
Nambunga akasema: Zangu nimezila. Kadiria.
Hata Binti Mnali alimsogelea mgeni
akamwambia neno ambalo sikulisikia.
Mgeni alilisikia, yatosha.

Tulipojumlisha, namba ilitisha.
Ndipo Nalinga wa boila,
ambaye kwa miaka minne hatukumuuliza kitu
ila "moto upo?",
akajikuna shingo:
Geji inadanganya. Tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Korosho zinatoka hazijaiva, ganda linang'ang'ania kiini,
hata angebangua malaika angevunja.

Kwa nini hukusema?

Akanitazama mimi. Si msimamizi. Mimi.
Ningeandikwa.

Geji mpya ilipanda na basi kutoka Mtwara mjini,
imefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga.
Siwadanganyi kwamba sasa tuko peponi.
Mafuta ya ganda bado yanakula ncha za vidole,
posho ya Februari hatujaiona,
na Binti Mnali na mgeni hawajawahi kuchangia kikombe.
Lakini saa nne, mihogo ikishuka,
utamsikia mtu anasema, mdomo umejaa:
Leo nimeharibu debe zima, njooni mnitazame mkono,
unakosea wapi?
Na wanakwenda. Wanakwenda kweli.
Wanainama pale kama watu wanaomtoa mtoto mwiba.

Ubao haukuondolewa. Nauandika asubuhi siku hizi:
kipi kibovu, nani kakiona.
Jana nilianza na langu:
Mizani inapunja. Gramu thelathini kwa kila kilo.
Sijui tangu lini. Chilumba.
Wabanguaji wakasoma, wakanyamaza kidogo,
kila mmoja akihesabu miezi yake.
Nikapapasa mfukoni kutafuta chaki nyekundu,
mazoea tu, nijipigie mstari.
Haikuwemo.
Mgeni alikuwa nayo, amechuchumaa chini ya benchi la tatu,
anauzungushia duara ule mguu mbovu
ili fundi akija asiulize
ni wapi.