Walianzia Paa

Profesa Kulkarni ana sentensi moja
anayoigonga mezani kila Jumatatu kama muhuri:
jengo huanza chini.
Tumeiandika, tumeifanyia mtihani,
mimi nikapata arobaini na mbili, tena kwa huruma.

Jumapili Prajakta akaniambia: twende Ellora
nikakuonyeshe watu waliofeli somo hili.

Kwenye dirisha la tiketi tukagawanywa,
yeye rupia arobaini, mimi mia sita.
"Mgeni," karani alisema, bila ubaya wowote,
akanihesabia chenji hadi sarafu ya mwisho.
Prajakta akaona haya kwa niaba ya taifa zima,
akaninunulia mapera ya chumvi na pilipili.

Kisha mlima ukafunguka.

Nilitarajia pango. Si pango.
Ni hekalu zima, limesimama ndani ya shimo lake
kama jino ndani ya ufizi,
na halikujengwa. Lilibakizwa.
Karne kumi na mbili na ushei zilizopita
watu walipanda juu ya mwamba mweusi na patasi zao
wakaanza na paa.
Wakashuka. Paa, kisha dari, kisha nguzo,
na mwisho kabisa miguu ya tembo
wanaoubeba mzigo wote mgongoni:
tembo waliozaliwa
wakati mzigo umeshawakalia.

Nikatafuta kosa. Ndiyo kazi ninayofunzwa.
Maana mchongaji akikosea pua
hana tofali jingine, hana saruji ya kuombea radhi.
Nililipata moja, nadhani, kwenye nguzo ya kushoto:
ua la petali saba
katika safu ya maua ya petali nane.
Nikaliwekea kidole. Lilikuwa na joto.
Mlinzi akapuliza filimbi,
na popo wote wa karne zote wakaniangalia.

Mwezi uliofuata, mvua zilipokatika,
mjomba wake Bhaskar akatupakia kwenye gari.
Gari: analitamka karibu kama sisi,
na laki, na rangi, na chai,
nikajiona kama mwizi aliyekutana na mwenye mali,
na mwenye mali anauliza, sukari vijiko vingapi?

Akatupeleka Lonar, kwenye ziwa la duara.
Jiwe la mbinguni lilitua hapa, alisema,
kabla hajawapo mtu wa kuandika tarehe.
Maji yananuka mayai yaliyooza.
Mjomba akaomba samahani
kana kwamba harufu ile inatoka jikoni kwake.
Prajakta alichovya karatasi nyekundu ya maabara,
ikageuka buluu, akashangilia peke yake.
Tausi mmoja akatukemea kutoka vichakani.
Mimi nilikaa ukingoni, viatu mkononi, nikiwaza
kwamba shimo hili nalo lilianzia juu.

Na mimi je?
Nilipewa barua yenye mhuri kabla ya kupewa lugha,
ndege kabla ya nauli ya basi,
koti la maabara kabla ya kujua
nani wa kumwambia kwamba usiku silali.
Paa ninalo, limechongwa vizuri, wanalisifu nyumbani.
Huku chini ni mwamba mtupu
na sijafika hata magotini.

Jumatatu Profesa akagonga meza.
Nilikusudia kunyosha mkono. Sikunyosha.
Nilichora tembo pembeni mwa daftari,
nikaanza na mgongo,
na karatasi ikaisha kabla ya miguu.

Usiku mama alipiga simu.
Nyumba njema si mlango, haya, lakini niambie,
miaka miwili sasa, umejenga nini huko?
Nikamwambia: sijengi, mama. Bado natoa mawe.
Akanyamaza.
Nikasikia anaondoa sufuria jikoni.
Akauliza kama nimekula.