Bandeji za Alhamisi

Usiku tatu tulilala juu ya mapaa,
kijiji kizima cha Nazlet Banub,
shingo zimekakamaa, simu zimeelekezwa juu,
kwa kuwa mtoto wa muuza maharage
alisema ameona nuru kwenye kuba la kanisa,
nuru nyeupe, yenye mabega.

Yenye mabega! Basi nani angelala?
Walitoka hadi Mallawi, wakaja na mablanketi
na mbegu za maboga za kutafuna.
Abuna Sidrak akapita chini: shukeni, watoto wataanguka.
Hakushuka mtu.

Mimi niliona nguzo ya umeme.
Niliona njiwa wawili tuliowakosesha usingizi.
Usiku wa tatu Nargis, jirani, akapiga kigelegele, "Ile! Ile pale!"
nikakifuata kidole chake mpaka kilipoishia,
na baada ya kidole palikuwa na giza,
giza letu la kila siku.

Nikashuka ngazi nimenuna.
Nikamwambia Mungu: miaka arobaini na minne
nafunga Kwaresima bila samaki wala siagi,
nawe unamwonyesha mtoto wa muuza maharage.

Kulipokucha ilikuwa Alhamisi.
Alhamisi nafungua bandeji.

Macho hayana pazia, husema watu.
Waje hospitali yetu ya macho saa mbili asubuhi
waone vitanda kumi na vinne, mapazia ya pamba,
na mimi na mkasi wangu.
Mtoto wa jicho:
mtoto asiyelia, asiyenyonya,
hukaa kimya dirishani, ananenepa,
mpaka nyumba ya mama yake ijae ukungu.
Daktari Mirvat humtoa kwa dakika kumi na mbili.
Miaka kumi na tisa nazikata bandeji hizi
nikiwaza nauli, nikiwaza bei ya gesi.
Usisugue. Dawa mara nne. Anayefuata.

Kitanda cha sita, Bi Balsam, mjane wa mkata miwa.
Miaka minane hajaona.
Nilitoa pamba, akapepesa.
Hakunitazama mimi, wala dirisha,
wala binti yake aliyejiziba mdomo.
Alitazama bilauri ya chai,
akaitazama mpaka nikaangalia saa.
"Mvuke," akasema. "Nilisahau kuwa chai ina mvuke.
Miaka minane naujua moto wake kwa viganja
na hakuna aliyeniambia kwamba bado unapanda hivi,
unajinyoosha, kama mtu anayeinuka kutoka kusujudu."
Kisha akanigeukia, bila ubaya:
"Nawe, mwanangu, hukuuona?"

Chai niliileta mimi.

Kitanda cha saba, Wadie, mlinzi wa kivuko cha reli.
Mshipa wa jicho lake ulikufa zamani, aliomba tu wajaribu.
Nilifungua. Hakuna kitu.
Akakaa kidogo, akavuta pumzi,
akasema, "Kuna mtu analia hapo nje. Mpeni kiti."
Hili silielewi.
Sitalifunga kwa fundo.

Nilirudia kusoma habari za yule kipofu wa Bethsaida,
jinsi alivyoulizwa, akajibu kweli tupu:
watu nawaona kama miti inayotembea.
Msomaji wetu kanisani hukimbilia mwisho, penye kuona vyema.
Mimi nimekwama katikati,
kati ya mkono wa kwanza na wa pili,
na miti inanipita,
mmoja umebeba kikapu, mmoja unachechemea,
mmoja unaniita kwa jina
na siujui.

Jioni walipanda tena mapaani.
Nikapanda nyuma yao na sinia, bilauri tisa.
Kuba sikulitazama.
Niliinamisha uso juu ya chai
mpaka miwani yangu ikafunikwa na mvuke, nisione hata sinia,
nikasema kimoyomoyo:
Tena, Bwana.
Gusa tena.