Maziwa Yaliyokatika

Mara tatu Famau kapewa dawa ya malaria,
mara tatu homa ikaaga alfajiri,
magharibi ikarudi bila hodi.
Mkewe keshafukiza ubani.

Leo Zuena wa maabara hakuanza na sindano.
"Mbuzi wako hawajambo, huko Matondoni?"
Famau akacheka, kiuno kikamkata.
"Wawili wametupa mimba.
Niliwazalisha mwenyewe, kwa mikono hii."

Zuena akaitazama:
mikwaruzo, ukucha uliopasuka.

Tone la damu, tone la dawa ya rangi ya waridi.
Akakitikisa kigae polepole, dakika nne.
Likakatika chembechembe
kama maziwa yaliyolala.

"Maziwa yao," akauliza, hajainua kichwa,
"mnayachemsha?"

Mlangoni, kitindamimba wa Famau
alikuwa bado ana povu jeupe
juu ya mdomo.