Dole Gumba la Kulia

Karani, nakuomba usifunge dirisha.
Nimetoka Ng'ambo kwa miguu tangu alfajiri,
bahasha nimeivika mfuko wa rambo
maana manyunyu hayajaisha,
na karatasi zikilowa hamzitambui,
nami bila karatasi hamnitambui.

Jina: Mihayo Kasubi.
Kazi: kuunga mabehewa, stesheni ya Tabora,
pale reli inapofika njia panda,
Mwanza kulia, Kigoma kushoto.
Miaka kumi na tisa.

Ajali: Alhamisi ya kwanza baada ya Idi,
saa kumi kasorobo usiku.
Taa yangu ilikuwa inakata roho;
betri nilishaziomba kwa barua, mara mbili.
Mabehewa ya chumvi ya Uvinza
yakarudi nyuma kabla sijainua mkono,
au niliuinua, dereva hakuona,
au aliona.
Hapa ndipo wakili hunikanyaga mguu chini ya meza:
Mihayo, usiseme hujui.
Lakini sijui.
Ninachokijua ni mlio.
Haukuwa wa chuma. Ulikuwa wa muwa.

Lugusi ndiye aliyeliokota,
akalifunga ndani ya kofia yake,
wakalizika nyuma ya tangi la maji
bila dua,
maana hakuna aliyejua dua ya dole.

Kitabu cha ajali, mnasema, kimeliwa na mchwa.
Nilikiomba, nikakifunua mwenyewe.
Mchwa wa Tabora wana adabu:
wameila Alhamisi,
Jumatano na Ijumaa hawakuzigusa.
Wameiacha pia barua ya mnyapara,
maneno matatu, wino wa buluu:
uzembe wa mfanyakazi.

Daktari alinishika kiganja
kama anayechagua nyanya sokoni.
Ishirini na mbili kwa mia, akasema.
Nikamuuliza, ishirini na mbili ya nini? Ya mkono?
Ya mtu, akasema. Ya mtu mzima.
Nikarudi nyumbani nikijipapasa,
naitafuta ile sabini na nane iliyobaki.

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema.
Hawakusema habari ya vinne
vilivyofiwa na mkubwa wao,
vinavyohangaika na kifungo cha shati
mpaka Kalunde aweke chini kisu na viazi vya michembe,
aje anifunge,
kuanzia chini kwenda juu, kama anavyofungwa mtoto wa shule,
asiseme neno.
Hilo nalo ni ngapi kwa mia?

Shahidi yupo. Lugusi yupo.
Wiki ileile alipandishwa cheo, akapelekwa Kigoma.
Nilimpigia simu jioni moja, nasikia ziwa nyuma yake, au labda upepo.
Nina watoto, Mihayo, akasema.
Simlaumu.
Namlaumu.
Inategemea na saa.

Wakili nimemlipa debe la asali ya Sikonge,
na nusu ya la pili nadaiwa.
Nimekuja hapa mara kumi na moja.
Mara ya tano ulikuwa likizo.
Mara ya nane mlikuwa mmehama chumba.

Na leo, karani, unaniambia fomu haijakamilika.
Hapa chini, unasema, kwenye kisanduku:
dole gumba la kulia.

Nakuonyesha.
Unaitazama fomu.
La kushoto halikubaliki, unasema. Utaratibu.

Haya, sogeza hicho kidau cha wino.
Nachovya kigutu. Nakandamiza.
Bado kinauma kikiguswa, usinitazame usoni.

Ona: hakuna mistari,
hakuna vile vimviringo ambavyo Mungu hampi mtu na mwenzake,
ni doa tu, bovu, jeusi,
limevuka kisanduku
likaingia kwenye sahihi ya mnyapara.

Usilifute.
Piga muhuri kabla halijakauka.
Mimi nasubiri hapahapa dirishani;
nimesikia kipaza sauti, treni ya Kigoma imechelewa tena,
saa sita, wamesema,
na abiria wote wamekaa chini.