Lesi

Jumanne usiku, shule ya msingi, Barani.
Madawati ya watoto yanatubana magoti.
Mwalimu Nyevu ameandika herufi mbili ubaoni,
u, kisha n. Huandikwa un, husomwa an:
Kiingereza hakioni haya.
Akazibandika mbele ya hepi,
tukasoma sote, anhepi,
na furaha ya watu ikafungiwa nje
na kijineno kisichoweza hata kusimama peke yake.

Charo, yule wa pikipiki, akauliza: na nyuma je?
Nyuma, akasema mwalimu, kuna lesi.
Nikacheka. Mie ni fundi cherehani,
lesi kwangu ni ile ya shilingi thelathini kwa mita
niishonayo pindoni, gauni lipate kujidai.
Kumbe lesi yao hupokonya:
homu, nyumba. Homulesi, huna pa kulala.
Hopu, tumaini. Hopulesi,
usiniulize.
Pindo tu, na nguo nzima imekwenda.

Nilirudi kwa njia ya sokoni nikipekua zetu.
Wao hukana mlangoni, neno halijavua viatu.
Sisi hutenda kwanza, kutendua kukaja mkiani:
funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua.
Shona, mchana kutwa, macho mekundu,
halafu mteja anataka mikono mifupi:
shonoa.

Na ipo ile herufi moja, nyembamba kama sindano.
Tsofa aliacha. Mimi niliachwa.
Kitendo kimoja, asubuhi moja, karatasi ileile,
ila yeye alitoka na kitenzi kitupu, mikono mfukoni,
nami nikabaki na w,
miaka sita naivaa hadi kisimani,
hadi harusini, ninakopeleka magauni
na kuondoka kabla ya pilau.

Zoezi la nyumbani: tunga maneno matano yenye lesi.
Manne niliyatoa kwenye kamusi ya Charo.
La tano nililitunga mwenyewe,
nyuma ya risiti ya vifungo, kisha nikalinakili daftarini
kwa mwandiko wangu wa kupimia nguo:
Tsofalesi.

Mwalimu alilikata kwa wino mwekundu.
Akaandika pembeni, jina la mtu haliambishwi hivyo.
Na chini yake, kwa penseli,
kidogo, kama mtu anayechungulia dirishani,
akatia vema.

Ijumaa nilikata mita tatu. Nyeupe.
Si za mteja.